Robo tatu, inchi moja, au pampu? Mabomba ya nyumba kubwa yenye tenki la mnara

Swali: Shikamoo mtaalamu. Tunajenga Shangani, Mtwara. Nyumba ni ya chini, vyumba sita, vinne kati yake ni masta. Kuna choo cha wageni chenye bafu, jiko na chumba cha kufulia. Tenki la lita 5,000 litakaa juu ya mnara wa mita 6 nyuma ya jiko. Kutoka hapo mpaka bafu la mwisho ni kama mita 38 za bomba. Nyumba tuliyopanga sasa hivi, mtu akifungua sinki la jiko, aliyeko bafuni anabaki na sabuni machoni. Sitaki hayo yatufuate. Fundi wa kwanza anataka PPR (bomba la plastiki linalounganishwa kwa moto) ya robo tatu ya inchi nyumba nzima, wa pili anasema inchi moja nyumba nzima na pampu juu yake. Plasta bado. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya plasta, maana baada ya plasta na vigae swali hili huwa la nyundo na tindo.

Jibu fupi: robo tatu haitoshi, inchi moja nyumba nzima nayo haitoshi, na pampu huihitaji kama mabomba yatapangwa kwa kupungua. Inchi na nusu kutoka kwenye tenki, inchi na robo kuelekea upande wa masta, inchi moja kwa mabafu mawili ya mwisho, robo tatu kuingia kila bafu, na nusu inchi kwenye beseni na tenki la choo. Hesabu yake ndiyo hii, ili ukikaa na fundi mzungumze kwa namba.

Anza na presha uliyonayo. Bomba halitengenezi presha. Presha inatoka kwenye kimo cha maji juu ya kifaa, na bomba kazi yake ni kuitumia vizuri au kuimaliza njiani. Mita 10 za kimo ni takriban bar 1. Wewe una mnara wa mita 6, lakini shawa haiko chini ardhini. Nimechukulia sakafu iko sentimita 45 juu ya ardhi na shawa iko mita 2.1 juu ya sakafu. Jumla ni mita 2.55. Toa kwenye 6, unabaki na mita 3.45, yaani kama theluthi moja ya bar. Tenki likijaa utapata karibu mita 2 zaidi, ila usipange kwa tenki lililojaa. Panga kwa siku maji ya mtaani yamekatika na tenki limebaki na maji ya kifundoni. Shawa ya kawaida inataka mita 1 ili itoe maji ya kueleweka. Kwa hiyo unaruhusiwa kupoteza njiani mita 2.45 tu, na hiyo ni bajeti ndogo.

Pili, jua unachonunua. Namba ya PPR inapimwa nje ya bomba. Fundi akisema robo tatu anamaanisha PPR ya milimita 25, na ile ya ukuta mnene, PN20 (PN ni daraja la presha ambayo bomba linahimili), tundu lake la ndani ni milimita 16.6 tu. Inchi moja ni ya 32, tundu 21.2. Inchi na robo ni ya 40, tundu 26.6. Inchi na nusu ni ya 50, tundu 33.4. Nusu inchi ni ya 20, tundu 13.2. Fundi aliyezoea mabomba ya chuma anaweka robo tatu akiwaza tundu la milimita 21 hivi, kumbe ameweka 16.6. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwa macho, lakini maji hayaioni hivyo: kwa presha ileile, tundu likiongezeka mara mbili, maji yanayopita yanaongezeka zaidi ya mara sita.

Hapo kuna upenyo wa kuokoa hela. Ukuta mnene wa PN20 ni kwa ajili ya maji moto. Maji baridi ya tenki la mnara hayafiki hata bar 1, kwa hiyo PN10 inatosha kabisa, na tundu lake ni pana zaidi: PPR ya 32 ya PN10 ina tundu la milimita 26.2, karibu sawa na ya 40 ya PN20. Ukiipata dukani, na ukiwa na uhakika hutaunganisha pampu ya nguvu baadaye, inchi moja ya PN10 inafanya kazi ya inchi na robo. Lakini hakikisha fundi hazichanganyi akaipeleka kwenye maji moto. Hesabu zote hapa chini ni za PN20, kwa kuwa ndiyo mafundi wengi wanayoileta.

Sasa matumizi. Shawa inatumia kama lita 0.12 kwa sekunde, yaani lita 7 kwa dakika. Beseni la kunawia na tenki la choo, lita 0.1 kila kimoja. Sinki la jiko 0.15, mashine ya kufulia 0.15. Vyote vikifunguliwa kwa pamoja nyumbani kwako ni lita 1.9 kwa sekunde, lakini hakuna anayepanga kwa hilo, ni kutupa hela. Panga kwa saa kumi na mbili asubuhi: shawa mbili, tenki moja la choo linajaa, na mtu yuko jikoni. Hiyo ni 0.49. Nyumba ya vyumba sita Mtwara ni nyumba ya wageni hata kama hukuijenga hivyo. Msimu wa unyago au harusi ndugu wanashuka kutoka Newala na Tandahimba, shawa ya tatu inafunguka. Weka 0.6 kwa bomba kuu. Upande wa masta pekee weka 0.4, shawa tatu na chenji kidogo. Mabafu mawili ya mwisho, shawa mbili, weka 0.25.

Kinachopotea kwa kila mita 10 za bomba, kwa hesabu ya Hazen-Williams (kanuni ya kupima presha inayopotea bombani) yenye kigezo cha 150 cha plastiki, ni hiki:

PPR 25: mita 1.0 kwa lita 0.25 kwa sekunde, mita 2.4 kwa 0.4, mita 5 kwa 0.6.
PPR 32: mita 0.3, 0.7, 1.5.
PPR 40: mita 0.1, 0.24, 0.5.
PPR 50: kwa 0.6 ni mita 0.17 tu.

Elbo, tii na valvu nazo zinakula, kwa hiyo ongeza asilimia 40 juu ya urefu wa bomba. Gawa njia yako vipande vitatu. Cha kwanza, mita 6 za kushuka mnara na mita 8 mpaka ukutani, jumla 14, zihesabu kama 20. Cha pili, mita 14 kupita masta mbili za kwanza, nazo kama 20. Cha tatu, mita 10 za masta mbili za mwisho, zihesabu 14. Mwishoni kuna tawi la kuingia bafuni mpaka shawa, zihesabu mita 5.

Mpango wa fundi wa kwanza: robo tatu, lita 0.6 kwa sekunde, kipande cha kwanza peke yake kinataka mita 10 za kimo. Wewe una 3.45. Maana yake maji hayo hayatapita. Kitakachotokea ni kwamba bomba litapitisha kinachowezekana, takriban lita 0.15 kwa sekunde kufika bafu la mwisho. Hiyo ni shawa moja na matone. Akifungua mtu mwingine, wanagawana. Ndiyo sabuni machoni unayoikimbia.

Mpango wa fundi wa pili: inchi moja nyumba nzima. Kipande cha kwanza kinapoteza mita 3, cha pili 1.4, cha tatu 0.4, tawi kama 0.15. Jumla karibu 5. Bado umepita ulichonacho. Ndiyo maana anataka pampu, na kwa mabomba yake ana haki ya kuitaka.

Mpango wa kupungua: 50 kwenye kipande cha kwanza inapoteza 0.33; 40 kwenye cha pili, 0.48, 32 kwenye cha tatu, 0.42, tawi la 25 kuingia bafuni mpaka shawa, 0.15. Jumla mita 1.4. Shawa ya mwisho inabaki na mita 2 kamili, tenki likiwa karibu tupu na watu watatu wanaoga. Angalia ulivyotumia hela: bomba nene ni mita 14 tu za mwanzo. Huko mwisho, ambako mafundi hupenda kuongeza ukubwa ili "yasipungue", nyembamba inatosha kwa sababu maji yanayopita ni machache.

Upande wa jiko, choo cha wageni na kufulia, toa tawi lake la 32 palepale bomba kuu linapoingia ndani, lenye urefu wa mita 10. Usiliunganishe katikati ya njia ya masta. Nyumba nyingi zinaharibikia hapa: bomba moja linatembea ukutani kutoka jiko hadi chumba cha mwisho, kila kifaa kinadokoa njiani, na aliyeko mwisho anapokea makombo. Matawi mawili kutoka sehemu moja, kila moja na bol valvu yake, na kila bafu na stopu koki yake, ili siku ya matengenezo usizime nyumba nzima.

Kuna jambo watu hawalitarajii: koki ya chini inaishinda ya juu. Sinki la jiko liko mita 1 juu ya sakafu, kwa hiyo lina mita 4.55 za kimo wakati shawa ina 3.45. Koki ya bustani iliyo nusu mita kutoka ardhini ina 5.5. Ukizifungua pamoja, ya bustani inanyonya kwanza, jiko linafuata, shawa inachukua kilichobaki. Dawa ni mbili. Koki za nje zipe bomba lao la 25 kutoka kwenye bomba la MTUWASA (mamlaka ya maji ya Mtwara) kabla ya tenki, au tundu lake peke yake kwenye tenki, zisiguse kabisa bomba la ndani. Pili, kila sinki, beseni na tenki la choo liwe na engo valvu (valvu ndogo ya kufungia kifaa kimoja), na baada ya kumaliza kazi mzifunge kiasi: sinki mpaka ndoo ya lita 10 ijae kwa sekunde 65 hivi, choo mpaka tenki lake lijae kwa dakika moja na nusu. Hakuna atakayelalamika choo kujaa taratibu.

Tundu la tenki lenyewe ni mtego. Tenki la plastiki mara nyingi linakuja na tundu la inchi moja au dogo zaidi, na fundi anafunga bomba la inchi na nusu kwenye tundu hilo kwa redusa. Toboeni tundu jipya la inchi na nusu na kifungio chake chenye washa za mpira, sentimita 5 hadi 10 juu ya sakafu ya tenki ili tope libaki chini, halafu tundu jingine chini kabisa la kusafishia. Valvu ya hapo iwe bol valvu ya tundu kamili au geti valvu, si stopu koki. Stopu koki inapindisha maji ndani yake mara mbili, na kwa bajeti ya mita 2.45 huna cha kuichezea.

Mara baada ya valvu hiyo, weka tii na bomba la kupumulia la milimita 20 linalopanda mpaka juu ya usawa wa maji ya tenki, likae wazi na mdomo umepindwa chini na kufunikwa na wavu wa mbu. Tenki likiisha na kujaa tena, hewa inaingia bombani; bila pumulio inabaki. Hewa inaganda zaidi pale bomba linapopanda darini kisha kushuka. Kwenye nyumba ya pampu hewa inasukumwa; kwenye nyumba ya mnara, mfuko wa hewa unaweza kuzima bafu zima huku tenki limejaa. Kwa hiyo bomba kuu lipite chini, kwenye sakafu au chini ya ukuta, likipanda kidogo kidogo kuelekea bafuni. Kama lazima lipite darini, lisiwe na mgongo wa ngamia hata mmoja.

Sehemu ya mnara na ya chini ya ardhi, badala ya PPR tumia bomba jeusi la HDPE la milimita 50, PN10. Tundu lake ni kama milimita 44, jua haliliharibu, na halina viungo vingi. PPR ikiachwa juani inachakaa na kuanza kupasuka. Ukiitumia hapo ifunike. Bomba la chuma ulikwepe kabisa Shangani. Upepo wa bahari una chumvi, linaoza nje kwenye uzi wa viungo na kujaa kutu ndani. Bomba la chuma la nusu inchi, tundu lake likisinyaa kutoka milimita 16 hadi 12, linapitisha chini ya nusu ya maji ya mwanzo. Chumvi hiyohiyo inahusu mnara wako. Tenki la lita 5,000 likijaa ni tani 5 za maji peke yake, na ardhi ya kwetu ni mchanga, kwa hiyo msingi na nondo za mnara ni kazi ya mhandisi wa majengo, si ya fundi bomba.

Kuunganisha PPR nako kuna siri yake. Mashine iwe nyuzi 260. Bomba la 20 linapashwa sekunde 5, la 25 sekunde 7, la 32 sekunde 8, la 40 sekunde 12, la 50 sekunde 18. Fundi mwenye haraka anapasha kupita kiasi na kusukuma kwa nguvu; nje kiungo kinaonekana kizuri, ndani plastiki iliyoyeyuka imejikunja na kuwa pete. Pete ya milimita 2 kuzunguka tundu la 13.2 inaacha 9.2, chini ya nusu ya uwazi. Viungo kumi vya hivyo vinaimaliza hesabu yote tuliyofanya hapa. Siku ya kwanza mwombe aunganishe kipande kimoja, kisha akipasue kwa msumeno katikati ya kiungo mkiangalie. Aweke alama ya penseli pia: milimita 14 kwa bomba la 20, 16 kwa la 25, 18 kwa la 32, asipite hapo.

Hita ya maji moto ipate maji baridi kutoka tenki lilelile la mnara. Ukipeleka maji ya MTUWASA moja kwa moja kwenye baridi na ya tenki kwenye moto, presha mbili zinapigana ndani ya mikisa (koki inayochanganya maji moto na baridi), yenye nguvu inarudisha nyenzake nyuma, na shawa inakuwa moto mara baridi. Kila hita iwe na valvu ya usalama. Kama ni shawa ya umeme ya kupasha papo hapo, soma kwenye karatasi yake presha ya chini kabisa inayohitaji kabla hujanunua. Zipo zinazowaka kwa mita 1, zipo zinazotaka bar nzima.

Vifaa vya maji baridi, kwa vipande vya mita 4: PPR 50 vinne (au mita 15 za HDPE), PPR 40 vinne, PPR 32 sita, PPR 25 saba, PPR 20 vitano. Bol valvu moja ya inchi na nusu, moja ya inchi na robo, moja ya inchi moja, na stopu koki za robo tatu tano kwa mabafu.

Kabla ya plasta mfanye majaribio mawili. La kwanza, zibeni ncha zote, mjaze maji, mtoe hewa, mpandishe kwa pampu ya mkono hadi bar 10 na muache saa moja. Mshale ukishuka, tafuteni jasho kwenye viungo. La pili ni la presha ya kweli. Tenki liwe na maji ya chini kabisa, fungueni bafu la mwisho na ndoo ya lita 10. Ijae ndani ya sekunde 85. Kisha fungueni sinki la jiko na shawa mbili nyingine, mpime tena. Ikizidi sekunde 110, kuna kiungo kilichoziba au valvu iliyofungwa nusu, na huu ndio wakati wa kuitafuta.

Kuhusu pampu: kwa shawa za kawaida achana nayo. Ukibakiwa na hela, pandisha mnara uwe mita 8. Mita 2 hizo zinaongeza zaidi ya nusu ya kimo ulichonacho, na hazizimiki umeme ukikatika. Pampu inakuja pale tu utakapotaka shawa pana za darini, au kama una mpango wa kuongeza ghorofa: bafu la juu litakuwa mita 3 na ushee juu zaidi, na mnara wa mita 6 utaliachia sentimita chache tu za kimo. Ikiwa ghorofa lipo kichwani, acha tii ya 40 yenye kizibo chini ya ngazi sasa hivi, na nafasi ya pampu kando ya mnara yenye njia ya pembeni, ili pampu ikifa maji ya chini yaendelee kushuka yenyewe.